Majibu ya tezi ya mtoto yasomwe kwa umri wake

Mhariri,

Binti yangu wa miaka miwili alipimwa tezi ya shingo kwa sababu ya kufunga choo. TSH, homoni ambayo ubongo huituma kuihimiza tezi, ikasoma 6.1. Karatasi ikaandika "juu"; nililia njia nzima hadi Kihesa. Daktari wa watoto akanionyesha kuwa viwango vile, 0.4 hadi 4.0, ni vya watu wazima. Watoto wadogo huwa juu kidogo. T4 yake, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, ilikuwa sawa, basi tutarudia kipimo, bila dawa kwanza. Kichanga aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi ni habari nyingine: huyo akicheleweshewa dawa hata wiki chache, ubongo unaweza kuumia. Naomba maabara zetu ziandike viwango vya kila umri.

Mama wa watoto watatu,
Iringa