Risala ya Walimu Wakuu Wapya kwa Mgeni Rasmi, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa elimu wa wilaya na kata, wawezeshaji wetu, walimu wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Sisi walimu wakuu wapya wa shule za msingi tunaohitimisha mafunzo ya uongozi hapa Bagamoyo, mji wenye makao ya ADEM, yaani Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunaomba kukueleza yale anayokutana nayo kila anayekabidhiwa ofisi hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makabidhiano ndiyo yanayowaponza wengi. Mara nyingi hufanyika kwa nusu saa, kwa kuwa anayeondoka ameshafunga mizigo na gari linamsubiri. Anayeingia anasaini hati inayosema madawati 210, kumbe mazima ni 160 na mengine yamelundikwa nyuma ya stoo, vyuma vitupu visivyo na mbao. Akishasaini, pengo lote ni lake. Inatakiwa kuhesabu kwa macho, chumba kwa chumba: madawati mazima kando na mabovu, vitabu kwa kila somo na kila darasa, vitabu vya stakabadhi kwa namba zake, muhuri, leja ya vifaa, taarifa ya benki ya mwezi huo, madeni ya mafundi na nyaraka za eneo la shule. Hizo za eneo zisiachwe mwisho. Shule isiyojua mipaka yake hukuta msingi wa nyumba ya mtu umechimbwa pembeni mwa uwanja wa mpira, na hapo kesi huchukua miaka.

Wiki hiyohiyo kamati ya shule ikae, ipitishe mabadiliko ya watia saini wa akaunti, na muhtasari upelekwe halmashauri na benki. Ukichelewa, fedha inaingia lakini haitoki, na chaki inakopwa dukani.

Fedha yenyewe ni ya kupigiwa hesabu. Katika ruzuku ya uendeshaji, mwanafunzi wa shule ya msingi amepangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. 6,000 ni za kuletwa shuleni na 4,000 ni za vitabu. Shule ya wanafunzi 600 inategemea 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Humo mna karatasi za mitihani, chaki, na ukarabati wa mapaa ambayo huku pwani yanaliwa na upepo wa chumvi, kutu ikianzia kwenye matundu ya misumari. Ndiyo maana takwimu za wanafunzi ni kazi ya mwalimu mkuu mwenyewe: mtoto aliyehamia asipoingizwa kwenye mfumo, anasoma bila ruzuku yake.

Vyoo navyo vina hesabu yake: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Wasichana 300 wanahitaji matundu 15.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kosa tunaloliona kubwa kuliko yote ni mwalimu mkuu kumezwa na makaratasi hayo asiingie darasani. Kukagua maandalio ya masomo mezani hakutoshi, kwani andalio linaweza kuwa safi na somo lisifundishwe. Akae dawati la nyuma kipindi kizima cha dakika 40, kisha aombe daftari la mtoto aliye karibu naye. Akikuta 7 × 8 = 54 imepigwa tiki nyekundu, ameshajua kwamba madaftari yanasainiwa bila kusomwa. Hapo amwite mwalimu faraghani, siku ileile, wakiwa na daftari mbele yao. Si kumsema kwenye kikao cha walimu, maana akiaibishwa mbele ya wenzake ataficha madaftari, na kosa litaendelea.

Tuna maombi matatu. Kwanza, barua za uhamisho zitoe siku tatu za kazi ambazo anayeondoka na anayeingia watakuwa pamoja shuleni. Pili, mafunzo haya yatolewe kabla ya mtu kukabidhiwa ofisi, kwa sababu baadhi yetu tumeyapata tukiwa tumeshasaini hati mbovu. Tatu, shule zilizo karibu na bahari zifikiriwe fungu la ziada la mapaa, na tunaliomba hili kwa uzito, kwani masika yakija watoto wa darasa la kwanza ndio wanaosogezwa kona moja kukwepa maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.