Barua kwa Mhariri: Tuzibe upepo kabla ya kuwasha moto

Ndugu Mhariri,

Kila baridi inapoingia, mazungumzo ya nyumbani huhamia kwenye moto: hita ipi inunuliwe, jiko lipi liingizwe ndani, bili ya umeme itapanda hadi wapi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nitetee kazi inayopaswa kuyatangulia hayo yote, nayo ni kuiziba nyumba. Inahitaji siku mbili tatu za mapumziko, mkasi, sindano na matambara yanayolala kabatini, na ndiyo inayoamua kama joto unalolilipia litakaa nawe au litapita mlangoni.

Tuchukue mlango wa kawaida wenye upana wa sentimita 80. Chini yake pakiwa na mwanya wa sentimita 1 tu, hilo ni tundu la sentimita za mraba 80, karibu sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 9 kwa 9 na kuliacha wazi usiku kucha. Hakuna anayevumilia tundu la namna hiyo ukutani, lakini chini ya mlango tumelizoea. Tena hewa ya moto hupanda na kutokea kwenye nyufa za juu, na kila inapotoka huivuta ya baridi iingie kwa chini. Ndiyo maana hita inaweza kuwaka saa nzima, kichwa kikahisi joto na miguu ikabaki barafu.

Kabla ya kuziba, tafuta. Chagua siku yenye upepo, funga madirisha yote, washa kijiti cha udi, kisha kipitishe polepole kandokando ya fremu za milango na madirisha, kwenye matundu ya nyaya na mabomba, na pale dari linapokutana na ukuta. Moshi ukipanda wima, hapo pako salama. Ukiyumba au ukavutwa, weka alama ya chaki uendelee. Sogeza mapazia mbali kwanza. Mara nyingi upepo hauingii pale watu walipodhani. Kioo hulaumiwa, kumbe kinachovuja ni ufa kati ya fremu na ukuta, ambao jicho haliuoni kwa kuwa umefunikwa na rangi.

Kwa chini ya mlango, shona mto mrefu. Kata kitambaa kizito, jinzi kuukuu inafaa sana, chenye upana wa sentimita 25 na urefu unaozidi mlango kwa sentimita 10 hivi. Ziada hiyo ni ya lazima kwa sababu mfuko ukijazwa hunenepa na kufupika, na mto uliopungukiwa sentimita 3 kila upande unaacha kona mbili ambazo upepo utazitumia zote. Kunja kitambaa kwa urefu, upande wa nje ukiwa ndani, shona mara mbili ubavuni na mwisho mmoja, geuza, jaza, kisha funga mdomo. Matambara peke yake ni mepesi na mto utasukumwa na upepo, kwa hiyo changanya na kilo moja na nusu au mbili za mchanga uliooshwa na kukaushwa kabisa, ukiwa ndani ya mfuko wake mwembamba uliofumwa kwa kubana. Mchanga wenye unyevu huotesha ukungu, na kitambaa chenye matundu humwaga vumbi kila mto unaposogezwa. Mchele na maharage ni uzito mzuri kwa mwezi wa kwanza tu, baada ya hapo wadudu na panya hushika zamu.

Madirisha yanayofunguka yanatakiwa utepe wa sponji wenye gundi. Osha fremu kwa maji ya sabuni, ikauke vizuri, ndipo ubandike. Utepe uliobandikwa juu ya vumbi hauchukui wiki kabla ya kuning'inia. Usichague mnene kupita mwanya, maana dirisha halitashika komeo na bawaba zitapinda. Dirisha lisilofunguliwa msimu mzima lina dawa rahisi zaidi, na hapa gazeti lako, Mhariri, likishasomwa lina kazi ya pili. Kata vipande vyembamba vya sentimita 4, pika gundi ya kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji hadi iwe nzito, ipoe, kisha bandika karatasi juu ya ufa. Joto likirudi, loweka kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na karatasi itatoka bila kung'oa rangi.

Sasa niseme jambo lisilo na mjadala. Chumba chenye kitu kinachowaka, kiwe mkaa, kuni, gesi au mafuta ya taa, kisizibwe kote. Mkaa uliokolea na usiotoa moshi tena ndio unaodanganya watu wengi, kwa sababu huo mwekundu mtulivu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hukosa hewa huku akipumua kama kawaida. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hapati hata nafasi ya kuzitambua dalili hizo. Jiko la mkaa halilali chumbani, hata dirisha likiachwa wazi kidogo, hata likiwa limefunikwa majivu. Anayepikia ndani aache mwanya wa kudumu juu na mwingine chini katika chumba hicho, na kuziba kufanyike vyumba vya kulala ambako hakuna moto.

Hata nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji hewa mpya, la sivyo pumzi, mvuke wa kupikia na nguo zinazokaushwa ndani vitaishia kwenye kuta kama matone, kisha ukungu mweusi pembeni. Fungua madirisha wazi kabisa, mawili yanayotazamana, kwa dakika 5 hadi 10 asubuhi, halafu funga. Hewa inabadilika lakini kuta na samani hazijapoa, na chumba hurudia joto lake upesi. Kuacha dirisha wazi kidogo kutwa nzima ndiko kunakopoza kuta zenyewe.

Mapazia yanastahili mchana mzima wa kazi. Pazia la kukinga baridi liwe na upana mara moja na nusu hadi mara mbili ya dirisha, lipite fremu kwa sentimita 15 kila upande, na liguse sakafu au lilale juu ya kizingiti cha dirisha. Kosa la kawaida ni kuliacha likielea hewani sentimita kadhaa juu ya sakafu, na juu pakiwa na nafasi kati ya fimbo na ukuta. Hapo hewa ya chumba huingia nyuma ya pazia kwa juu, hupoa kwenye kioo, huwa nzito, kisha humwagika chini miguuni. Pazia la namna hiyo linasukuma baridi ndani.

Kama kitambaa chako ni chepesi, kitie bitana ya blanketi lililochakaa. Fua vyote viwili kabla ya kukata, kwa sababu kila kimoja kina namna yake ya kurudi na kupungua. Kata blanketi pungufu kwa sentimita 2 kila upande, lishone kwa juu na ubavuni kwa mishono mikubwa, na chini uliache huru, la sivyo pazia litajikunja na kuvuta baada ya kufuliwa. Pindo la chini lishonwe mwisho kabisa, pazia likiwa limening'inia siku mbili na kunyooka kwa uzito wake. Mchana lifunguliwe lote jua liingie, jioni lifungwe kabla giza halijaingia. Asubuhi futa matone ya maji yaliyotanda kwenye kioo, maana nyuma ya pazia zito kioo hulowa kuliko mwanzo.

Kitandani watu hujirundikia mablanketi juu na kusahau chini. Uzito wa mwili hulibana godoro, hewa iliyokuwa ikizuia baridi inatoka, na joto linashuka. Blanketi moja lililotandikwa chini ya shuka husaidia kuliko la tatu lililoongezwa juu. Anayelala sakafuni aweke kartoni kavu na mkeka chini ya godoro, na kila asubuhi alisimamishe godoro lipate hewa, kwani upande wa chini hulowa jasho na kuota ukungu. Chupa ya mpira ya maji ya moto ijazwe theluthi mbili tu, kwa maji yaliyochemka na kuachwa yatulie dakika chache, na hewa iliyobaki ikamuliwe kabla ya kukaza kifuniko. Maji yanayotokota huchosha mpira na kupasua shingo ya chupa. Ivalishwe kitambaa, iwekwe miguuni nusu saa kabla ya kulala. Ikionyesha nyufa ndogondogo ukiikunja, itupwe siku hiyohiyo.

Kitu kingine ninachokitetea ni kapu la joto, ambalo hupika bila moto na kuuacha mkaa au gesi kwa kazi nyingine. Chukua kapu au boksi imara, jaza matambara, sufu au majani makavu kwa unene wa sentimita 10 chini na kandokando, acha shimo la kukaa sufuria, na ushone mto mzito wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa usiku yamwagwe maji, yachemshwe kwa nguvu dakika 15 hadi 20 yakiwa yamefunikwa, kisha sufuria ihamishwe mara moja bila kufunua. Yaache muda wa saa 4 hadi 6. Sufuria isipungue robo tatu, kwani chakula kidogo hubeba joto kidogo na kitapoa kabla ya kuiva. Kuchungulia kunaharibu kila kitu. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli, si uvuguvugu, kwa hiyo zile dakika 15 zisipunguzwe. Kabla ya kula, chemsha tena, kwa sababu chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria huanza kuzaana. Na kabla ya kuiweka kapuni, tazama chini ya sufuria kama kuna kaa lililonata, maana kaa moja linatosha kuunguza kapu na nyumba.

Kuhusu taa nina neno fupi: balbu ya Kelvin 2700 (Kelvin hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa manjano unaotulia jioni, ya 6500 hutoa mweupe wa ofisini. Zote hula umeme sawa kama wati ni zilezile.

Nimebakiza kazi ninayoipenda kuliko zote, mfarishi wa viraka, yaani tandiko zito la kujifunika linaloshonwa kwa vipande vya nguo, kwa kuwa ndiyo inayowakusanya watu mezani jioni za baridi, mmoja akikata, mwingine akipanga rangi, mtoto akitia uzi kwenye sindano. Mfarishi wa sentimita 160 kwa 200 unataka viraka 80, nane kwa kumi, kila kimoja kimekatwa sentimita 22 ili kibaki 20 baada ya kutoa sentimita 1 ya mshono kila upande. Tengeneza kipimo kimoja cha kartoni ngumu na ukate vyote kwa hicho hicho. Usipime kiraka kwa kiraka kilichotangulia, kwa sababu kosa hurithiwa na kukua. Mshono ukizidi milimita 2 tu kila upande, kiraka kinapungua milimita 4, na safu ya viraka kumi inapungua sentimita 4. Hapo safu hazikutani tena, na watu huanza kuvuta kitambaa ili zilingane, ndipo mfarishi unapojaa mikunjo.

Mashati na shuka za pamba zinakaa vizuri pamoja. Kitambaa cha fulana kinavutika, kiwekwe peke yake. Vitambaa vyekundu na vya bluu nzito vilowekwe kwanza kwenye maji moto, na vikiendelea kuchuja rangi viachwe. Shona safu moja moja, piga pasi mishono ya safu ya kwanza ielekee kulia na ya pili kushoto, ili kona zinapokutana zisirundikane.

Kisha tandika sakafuni kitambaa cha chini, kikubwa kwa sentimita 10 kila upande, juu yake blanketi lililochakaa, halafu viraka. Piga bandi, yaani mishono mikubwa ya muda, kuanzia katikati kwenda nje, kamwe si kutoka kona, la sivyo upepo hubaki katikati na kitambaa kinajikusanya. Badala ya kushona kote, funga mafundo ya uzi mzito yanayopita matabaka yote matatu, kwenye kila kona ya kiraka na katikati yake. Umbali wa fundo hadi fundo utakuwa kama sentimita 14, unaotosha kuzuia blanketi lisitembee. Pamba ya kumwaga isitumike na mtu anayeanza, kwani baada ya kufuliwa mara mbili hujikusanya mabonge na kuacha sehemu tupu. Mkaze fundo mara mbili, uzi uachwe sentimita 2, na mafundo yawe upande wa juu yasimsumbue anayelala. Ukingo unafungwa kwa utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 6 uliokunjwa mara mbili, na ndio unaochakaa kwanza, hivyo weka akiba ya mita mbili za kitambaa hicho pamoja na viraka vichache vilivyobaki.

Wasalaam,
Msomaji wako