Kiziwi naye anaenda ng'ambo

Mhariri,

Mpwa wangu ni kiziwi na anataka kusomea Uingereza. Jumamosi tulizunguka maonyesho ya vyuo vya ng'ambo hapa jijini. Wakala mmoja alinieleza mimi kila kitu, viza, karo, hosteli. Mwenye safari hakumtupia hata jicho. Nilipouliza habari za mkalimani, akanipa kalamu ya bure.

Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Katiba ya 2010, lakini si ile ya Waingereza: wao huonyesha alfabeti kwa mikono miwili, sisi mmoja. Atajifunza upya. Ruzuku ya serikali yao kwa wanafunzi wenye ulemavu kwa kawaida haiwafikii wageni, ingawa sheria yao ya usawa ya 2010 inakilazimu chuo kumwondolea vikwazo. Mawakala watueleze haya kabla hatujalipa.

Mjomba mtu,
Umoja, Nairobi