Cheti kwanza, au jirani kwanza?

Perthshire, Uskoti
Jumapili usiku, Novemba

Somo yangu,

Barua yako imenifika Alhamisi. Niliisoma nikiwa bado na buti miguuni, nikairudia baada ya kula. Wewe, mtoto wa Tanga uliyekuwa ukitoka uani kuku akichinjwa, leo unataka kuwinda kulungu huko Norfolk, England! Nimefurahi, na nimeingiwa na woga kidogo, kwa sababu najua kitu hiki kinavyomshika mtu.

Swali lako nimelielewa. Kuna jirani mkulima aliyewinda tangu ujana, yuko tayari kukuchukua bure. Na kuna kozi ya cheti cha kwanza cha uwindaji wa kulungu ambayo kila mtu anakwambia ni lazima. Uende wapi kwanza?

Nenda kwa jirani kwanza, bila bunduki. Kisha nenda darasani. Kisha rudi kwa jirani ukakae miaka. Mimi nilianza kwa kupindua mpango huo, na aliyelipa si mimi.

Kabla sijafika huko, nikusahihishe jambo moja: si lazima. Nchi hii haina sheria inayomtaka mwindaji wa kujifurahisha awe na cheti. Polisi wanaotoa kibali cha bunduki chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 wanataka uwe na sababu ya kweli ya kuimiliki na usiwe hatari kwa watu. Cheti kinakusaidia mbele yao, na wenye misitu wengi hawakufungulii geti bila cheti, lakini hayo ni matakwa yao. Ujerumani ni habari nyingine kabisa. Kule bila kufaulu mtihani wa serikali hupati leseni ya kuwinda, na mtihani ni mgumu mpaka watu wenyewe huufananisha na ule wa kumaliza sekondari. Huku tumeachiwa dhamiri zetu, ndiyo maana swali lako ni zito.

Na tukubaliane majina, maana Kiswahili chetu hakikuwahi kuwaona wanyama hawa. Wale wadogo wa rangi ya hudhurungi ambao Waingereza huwaita roe, mimi huwaita paa. Wale wakubwa wa milimani ni kulungu wekundu. Kale kafupi kenye mgongo uliopinda utakakokaona sana huko kwako ni muntjaki, mgeni kutoka Asia kama kulungu aitwaye sika na kulungu wa maji wa Kichina. Tofauti na swala wetu, madume ya paa na ya kulungu wekundu hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Bado hilo linanishangaza.

Sasa nikwambie yaliyonipata.

Cheti cha kwanza nilikipata mwezi Juni. Nilisoma kitabu chote, nikafaulu maswali, nikatambua picha za aina zote sita za kulungu wa nchi hii, nikapita mtihani wa usalama na wa usafi wa nyama. Kwenye shabaha niliweka risasi tatu ndani ya duara la inchi 4 kutoka mita 100, nimelala kifudifudi. Kisha kwenye picha ya kulungu, mbili kutoka mita 100, mbili kutoka mita 70 nimekaa, mbili kutoka mita 40 nimesimama. Zote ndani. Nilirudi nyumbani nikiamini mimi ni mwindaji.

Wiki sita baadaye, mwanzoni mwa Agosti, nilikuwa peke yangu ukingoni mwa shamba la shayiri, jua linazama. Dume la paa likatoka msituni, mita 90 hivi, limesimama ubavu wazi kama ile picha ya kwenye mtihani. Nyuma yake kilima cha udongo, salama. Nikasema bismillahi, nikabana kifyatulio, na katika kubana huko likageuka. Risasi iliingia nyuma ya mbavu, tumboni.

Nilijua nimefanya nini. Alikunja mgongo, akainamisha kichwa, akaingia msituni kwa kutembea polepole. Aliyepigwa moyoni au mapafuni hutimka kwa kasi kisha huanguka. Anayeondoka hivi amepigwa tumbo. Na swali hili lilikuwa kwenye mtihani, somo! Jibu ni kukaa kimya na kungoja, nusu saa au zaidi, ili alale na asiinuke tena. Nililijibu sawasawa darasani. Pale shambani nilingoja dakika saba. Sikuweza kukaa nikijua kuna kiumbe kinaumia kwa mkono wangu, nikaingia. Nikaona damu nyeusi yenye vipande vya majani, kisha nikasikia matawi yakivunjika mbele yangu. Nilikuwa nimemwamsha. Giza likaingia.

Mwenye shamba akanipa simu ya mzee mmoja mwenye mbwa wa kufuatilia. Alifika saa kumi na moja alfajiri, hakuuliza mengi, akamvalisha mbwa kamba ndefu. Tulipita malalo mawili yenye damu kabla ya kumkuta kando ya kijito, karibu mita 400 kutoka pale nilipompiga. Alikuwa amekufa usiku, na nyama haikufaa tena. Nilikaa chini. Mzee naye akakaa, akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Kabla hujafyatua, jike lilikuwa wapi?"

Nikamwambia sikuona jike lolote.

Akanieleza. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ndio wakati paa wanapopandana. Dume linalotoka wazi jioni wakati huo mara nyingi linafuata jike, na halitulii sekunde tatu. Ukiona dume, litafute jike kwanza, kisha ungoje mpaka ujue litasimama wapi. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba paa hupandana Julai na Agosti. Nilisoma hata kwamba mimba yao hulala bila kukua mpaka karibu na mwaka mpya, ndipo watoto wazaliwe Mei na Juni. Lakini tarehe ile ilikuwa imekaa kichwani peke yake, haijawahi kukutana na dume lenye haraka.

Nikamwomba anichukue niwe mwanagenzi wake. Akakubali kwa sharti moja, kwamba msimu mzima nisishike bunduki.

Unakumbuka mjomba alivyotufundisha bahari? Hakutupa mshipi. Alituketisha kwenye ngalawa tupige maji nje, na kila mara aliuliza upepo unatoka wapi, na kusi ikianza kuvuma tungoje nini. Tulidhani anatutumikisha. Huyu mzee ni mjomba yule yule kwa ngozi nyingine. Nilibeba kamba, nilivuta mizoga, nilitoa matumbo kwenye mvua, niling'oa kupe miguuni. Ana kichupa cha unga wa poda, hukibana kila baada ya hatua chache autazame upepo unavyoupeleka ule unga. Nilijifunza kwamba jioni, ardhi ikipoa, hewa huteremka mabondeni hata kama juu ya miti upepo unaelekea kwingine. Hilo nimeshakuja kulikuta kitabuni pia, mstari mmoja. Kwa mzee lilinichukua jioni kumi na moja, na kila nilipokosea paa alibweka akakimbia.

Neno lake kubwa ni "bado". Mara nyingi nililiona dume limesimama vizuri, nikageuka kumtazama, naye akatikisa kichwa. Bado, nyuma yake ni anga, hujui risasi itatua wapi. Bado, kuna mwenzake amejificha nyuma yake. Bado, linasikiliza, litasogea. Darasani wanakupa alama kwa kupiga. Sijui ni mtihani gani utakaompa mtu alama kwa kurudi nyumbani mikono mitupu mara tisa, na mimi naamini huko ndiko ufundi uliko.

Kuna jioni nyingine ambayo sitaisahau. Mwisho wa Oktoba, baada ya ule msimu wa bila bunduki, tuko mlimani kwa kulungu wekundu. Msimu wa majike huku hufunguliwa tarehe 21 Oktoba, na majike mengi bado yana ndama wanaowategemea. Ukimuua mama ukamwacha ndama, baridi itamaliza kazi vibaya. Mzee akaninong'oneza: ndama kwanza, kisha mama. Nilielewa kwa nini. Hakuna mbwamwitu Uskoti kwa miaka mingi sana, na kulungu wakizidi hula kila mche unaochipua na wenyewe hukonda wakafa majira ya baridi. Nilielewa yote hayo, na bado mkono ulikataa. Mzee hakunisukuma. Aliweka kiganja chake mgongoni kwangu mpaka pumzi ikatulia, kisha akasema kama leo siwezi, tutashuka. Niliweza. Usiku ule sikula. Kama ningekuwa peke yangu, nadhani ningempiga mama tu kwa sababu alikuwa mkubwa na rahisi, na ningejidanganya kwamba ndama atajipatia njia.

Usidhani nakutaka ulidharau darasa, ndugu yangu. Anayekufundisha kwa upendo anakurithisha na makosa yake pia. Mzee wangu alikuwa akipasua tumbo, anatupa utumbo, basi. Nyama huwapa majirani. Mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa kuzitazama tezi za utumbo, ini na mapafu, maana uvimbe wenye usaha unaweza kuwa kifua kikuu, na huo ni ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe. Siku ya kwanza nilipovaa glavu nikaanza kupapasa tezi, alinitazama kwa muda mrefu. Siku ya pili akaomba nimwonyeshe. Miezi michache baadaye, akiwa na miaka zaidi ya arobaini ya kuwinda, alikwenda kukaa darasani na vijana, akarudi na cheti. Heshima yangu kwake iliongezeka mara mbili.

Halafu sheria zenyewe. Ujuzi wa mzee wa kijijini huishia kwenye mpaka wa kijiji chake. Huku Uskoti naweza kumpiga paa kwa bunduki ya .223 (ndicho kipenyo cha risasi yake kwa inchi), mradi risasi isipungue uzito wa greini 50, yaani gramu 3 na ushei, mwendo wa futi 2,450 kwa sekunde na nguvu ya futi-pauni 1,000. Ukiipeleka bunduki hiyo hiyo Norfolk ukampigia paa umevunja Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991, inayotaka kipenyo kisipungue inchi 0.240 na nguvu isipungue futi-pauni 1,700. Kwako hiyo .223 ni ya muntjaki na kulungu wa maji tu. Misimu nayo imeachana: huku tangu Oktoba 2023 madume hayana tena miezi ya kufungwa, kwenu dume la paa ni kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Usikubali kujifunza mambo hayo kwa kusikia, hata kwa mtu unayemwamini.

Na hao wanaotoa vyeti wanajua darasa halitoshi. Cheti cha pili hakipatikani kwenye meza. Unawinda kweli kweli mbele ya shahidi aliyeidhinishwa, anakutazama kuanzia upepo hadi nyama.

Kwa hiyo fuatana na jirani yako mara nne au tano, ukiwa umebeba darubini tu. Mtazame anapofika kwenye uzio: je, anaitoa risasi kwenye bunduki kabla ya kuvuka, hata kama hakuna anayemwona? Msikilize anaposimulia. Kama hadithi zake zote zinaishia na mnyama kuanguka, mshukuru kwa chai yake, utafute mwingine. Akikupeleka mahali mlipoishia kurudi bila kufyatua, na akaeleza kwa nini, ng'ang'ana naye. Baadaye sheria inamruhusu akuazime bunduki yake kwenye ardhi ya watu binafsi kabla hujapata kibali chako, maana miaka 17 umeshaipita, mradi yeye mwenyewe awepo na awe na ruhusa ya mwenye ardhi.

Nimezungumza na mzee. Majike ya kulungu wekundu yanaruhusiwa hadi 15 Februari, na amesema uje wiki ya pili ya Januari. Chukua treni mpaka Perth, nitakupokea stesheni. Leta buti zilizokwisha kulainika, soksi za sufu jozi tatu na nguo isiyopiga kelele ukitembea. Kamba ya kuvutia mzoga ipo, nimekutengea yangu ya zamani, ina mafundo mahali pa kushika. Mbwa ameshazeeka, haoni vizuri jicho la kushoto, ukimkaribia anza upande wa kulia.

Wasalimie watoto na mama yao.

Somo yako