Idd Mubarak watu wa uwanja, na machache kuhusu malisho yetu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa ndugu zangu Wakristo Bwana asifiwe.

Mwezi umeandama jamani, alhamdulillah. Kwa niaba ya familia yetu na wote wenye farasi pale uwanja wa malisho Boko, Dar es Salaam, natoa mkono wa Idd kwa kila mmoja wenu, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, masaisi wetu, watunza farasi wanaoamka kabla ya adhana, watoto wa madrasa wanaokatiza pale kila jioni na kusimama kushika singa za farasi mpaka wanachelewa nyumbani. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, atusamehe tulipoteleza, atufikishe mwakani tukiwa wazima. Na wenzetu ambao Kwaresma yao imekwenda pamoja na Ramadhani yetu, Mungu awapokelee na nyinyi, mfike Pasaka kwa amani.

Salamu hizi siku zote alikuwa anazitoa Mjomba, mzee wetu wa uwanja. Wala hakuwa anaandika, alikuwa anasimama pale getini baada ya swala ya Idd, kanzu imepigwa pasi, mkononi ana hatamu, anataja watu mtaa kwa mtaa mpaka aliowasahau anaanza nao upya. Mwaka huu wakubwa wamesema andika wewe, kwa sababu Mjomba tulimzika mwezi wa Rajabu. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Hakuifikia hata Shaabani.

Na mwaka wenyewe ulivyo mgumu tusifichane. Gunia la pumba kila mtu anajua lilivyopanda, mashudu ndo usiseme, majani tuliyokuwa tunakata bure kwenye viwanja vya watu sa hivi viwanja vimepigwa ukuta, kijana wa kukata anataka hela yake na mwenye guta anataka yake, na hapo hujaenda Kariakoo kutafuta nguo za watoto, hujagusa mchele, hujagusa nyama. Farasi hasubiri mwisho wa mwezi, anakula leo na kesho anakula tena. Kuna mwenzetu ameuza farasi wake kwenye mfungo huu huu, alimtoa getini huku anafuta machozi na mkono wa shati, tukamsindikiza mpaka barabarani hakuna aliyekuwa na la kusema. Ndugu yetu, ukisoma hapa ujue nafasi yako uwanjani ipo palepale.

Basi kwa kuwa mwaka huu hayupo wa kuyasimulia getini, niyasimulie mimi, maana watoto wa sasa wanauona ule uwanja kama pori tu lenye mbuyu.

Desemba 2011 mnaikumbuka. Mvua ilianza tarehe 20 ikapiga siku tatu, Dar ikaelea, watu zaidi ya arobaini walikufa kwenye mabonde, na baadaye waliokuwa Jangwani na mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Kwetu Boko maji yalipanda mpaka madirishani kule chini, na sehemu pekee iliyobaki kavu ilikuwa kile kilima cha mbuyu. Farasi walikuwa wameshapanda wenyewe usiku, mnyama anajua. Alfajiri watu wakaanza kuwafuata na magodoro kichwani, na watoto mgongoni, na majiko, bibi mmoja na kuku wake kwenye tenga, wakasimama katikati ya farasi kwa sababu hakukuwa na pengine pa kusimama na miili ya farasi inatoa joto. Wengi mnaosoma hapa mlikuwa wadogo mmelala chini ya tumbo la farasi siku ile na wala hamkukanyagwa. Kuanzia hapo ndo hata wasio na farasi wakaanza kusema "uwanja wetu".

Idd ya Mei 2020 mtaikumbuka pia, wakati wa korona. Ufukweni hakuna watoto, hakuna wa kulipa kupanda farasi, hakuna shilingi. Watu walichanga pumba, kopo kwa kopo, na ikapita.

Halafu mgao wa maji wa Oktoba na Novemba 2022, mto Ruvu ulipopungua. Farasi mmoja kwenye joto la Dar anakunywa lita thelathini mpaka arobaini kwa siku, piga hesabu na wale wote waliokuwepo, na majumbani watu wanapanga madumu, boza, gari la maji, likija ni vita. Mwaka huohuo petroli ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, kwa hiyo hata hayo maji ya boza bei yake haishikiki. Mjomba alikaa pale akasema kwanza maji ya watoto na wagonjwa, halafu wanyama, halafu sisi wengine, na asiyekubali aje aongee naye. Mama mmoja Mkristo wa upande wa pili wa barabara, mwenye kisima, akatoa mpira wake wa bustani akauvusha kwenye karavati, wiki zile zote, hela ya umeme wa pampu akakataa kuipokea. Mama, sikutaji jina najua hupendi, lakini mbele ya Mungu limeandikwa.

Na kuna Idd moja ya huko nyuma, hii nawaomba muisikilize vizuri kwa sababu kesho ni Idd tena. Watu kwa mapenzi yao wakaleta uwanjani makombo ya pilau, mikate, na ugali, wakampa Sultani, yule dume mwekundu, na Sultani akala kwa sababu farasi akipewa anakula. Usiku akaanza kujipiga mateke tumboni, anageuka kuangalia ubavu wake, analala anaamka, jasho linamtoka kama katoka kukimbizwa. Farasi hawezi kutapika jamani, kilichoingia kimeingia, kikikwama kinakwama na anaweza kufa nacho. Tulimtembeza kwa zamu usiku kucha, huyu akichoka anapokea yule, daktari wa mifugo alipofika akampitisha mpira puani mpaka tumboni akamimina mafuta, tukaendelea kumtembeza. Karibu na alfajiri akaachia choo. Wazee wazima walipiga takbira kwa sababu ya choo cha farasi, na aliyekuwepo hawezi kusahau. Kwa hiyo mapenzi yenu kesho yaleteni kwa masaisi, pilau iende kwa saisi, farasi mletee majani.

Sasa nifike kwa Shani, na hapa ndo pagumu.

Shani mnamjua, yule jike mweupe, nusu ya watoto wa Boko, Tegeta na Bunju picha yao ya kwanza ya Idd wako juu yake. Alizaa tarehe 4 Mei 2024, siku ya kimbunga Hidaya, upepo unavua mabati, boti za Unguja zimesimama, minazi inalala. Mjomba alikataa kuondoka bandani. Mimi nilikuwepo nimeshika taa. Mtoto alitoka miguu ya mbele kwanza, mirefu kuliko yeye mwenyewe, akalala pale kwenye majani anatoa mvuke, kisha akaanza kujaribu kusimama, anaanguka, anajaribu, miguu inakwenda kila mmoja kwake, na haikupita saa nzima kasimama ananyonya huku nje bati linagonga. Jina likajileta lenyewe.

Wiki chache baadaye Shani aliamka hataki kula, kufika mchana mapovu meupe yanamtoka puani, anahema kwa shida, na kabla ya magharibi akawa amekwenda. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoletwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeacha usubi wengi sana. Daktari alisema ukishashika hivyo dawa ya kuutibu hakuna. Mtoto akabaki, hajaanza majani, ana njaa. Mjomba akatafuta maziwa ya mbuzi, akawa anamnyonyesha kwa chupa kila baada ya saa mbili usiku na mchana, mzee wa umri ule, kahamishia mkeka wake bandani, na ukimwambia Mjomba pumzika tukupokee anakwambia huyu keshaizoea harufu yangu. Hidaya kakua. Mmemuona. Kwa yule mzee.

Niwaambie na hili moja la kwangu. Kila Idd sahani ya kwanza ya pilau nyumbani kwetu ilikuwa haikai mezani, inafunikwa kawa inapelekwa uwanjani kwa Mjomba, tangu niko binti mdogo hiyo ndo ilikuwa kazi yangu. Jana nimetoa vyombo kuviosha kwa ajili ya kesho, nimeshika ile sahani yake ya bati yenye maua, nikakaa chini kabisa. Mume wangu akanikuta hapo jikoni. Nilikuwa sijalia tangu Rajabu, nilikuwa nashughulika na wageni wa msiba na vikao. Kesho nitaipakua hivyohivyo. Ataila saisi mdogo, yule Mjomba aliyekuwa anamfundisha kukata kwato.

Ndugu zangu, ule uwanja hauna karatasi ya mtu mmoja, wazee waliuacha wa wote kwa neno la mdomo na neno hilo limeshikwa miaka yote hii. Tangu Mjomba afe nimeshaona watu wanakuja na tepu, wanasimamisha vigingi, ukiwauliza wanasema hapa hapana mwenyewe. Dalali mmoja kanifuata mpaka nyumbani, msiba haujaanuliwa. Vipi hapana mwenyewe? Walionusurika 2011 ni nani? Aliyevusha mpira wa maji ni nani? Naomba tusiingiwe na tamaa. Najua shida zipo, najua kuna ambao wakiambiwa milioni kadhaa watakuwa wametatua ada na kodi na deni, lakini ukishakata kipande na jirani atakata, na ikifika mvua nyingine ya vile tutapandisha wapi watoto wetu, juu ya ukuta wa nani? Tuende serikali ya mtaa wote kwa pamoja, Waislamu na Wakristo, wenye farasi na wasio na farasi, tuombe eneo liandikwe la wazi na la jamii, na anayejua taratibu ajitokeze bila kusubiri kubembelezwa.

Na wanyama hawa ni amana. Mtume wetu (s.a.w.) katufundisha kwamba kheri imefungwa kwenye nywele za paji la farasi mpaka siku ya Kiyama, na habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mnaijua. Wenzetu Wakristo nao wana neno lao kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Sasa mtu umefunga siku zote hizi, umesali tarawehe, umetoa zakatul-fitri, halafu kesho unampakia farasi watoto watatu mgongoni jua la saa saba ili upate elfu kumi ya haraka, hiyo funga ilikufundisha nini? Kijana anayemchapa farasi fimbo za kichwa ili akimbie watu wapige picha, huyo tumtoe uwanjani, hata awe mtoto wa nani. Mfungo ulikuwa wa kutulainisha nyoyo, tusizikaushe siku ya kwanza ya Shawwal. Tuheshimu wajane, tuwatazame mayatima, na mishahara ya masaisi ilipwe leo kabla ya swala, si baada ya sikukuu.

Kesho inshallah farasi watakwenda ufukweni Ununio baada ya swala ya alasiri, jua likiwa limepungua. Mtoto mmoja mmoja juu ya farasi, saisi kashika hatamu muda wote. Jua likikaribia kuzama wote warudi bandani, masika ndo hiyo inaanza na usubi haujali sikukuu. Hidaya haendi, bado mdogo wa kupandwa, anayetaka kumuona aje uwanjani na asije na mkate. Dua ya Mjomba ni Jumapili baada ya alasiri pale mbuyuni, kila mtu aje na mkeka wake, kahawa na kashata zipo, na kikao cha uwanja kitafuata palepale.

Nawatakia nyote sikukuu njema yenye afya, amani na baraka. Kullu aam wa antum bikhair. Idd Mubarak.