Barua ya wazi kwa wanangu mnaoondoka na tiketi ya bei chee

Wanangu mnaokwenda masomoni Ulaya mwezi wa tisa,

Marahaba. Nimeitika mapema kwa sababu najua mngeniamkia, na barua haina subira ya maamkizi.

Nasikia kila mmoja wenu anajisifu tiketi yake imeshuka hadi wapi. Kuna aliyemzidi mwenzake kwa laki sita, na sasa anamwona mwenzake mshamba. Mimi siwezi kuwakataza bei chee. Nimeuza vitenge Kariakoo zaidi ya miaka ishirini, nikifuata mzigo Dubai na Guangzhou, na sikumbuki hata safari moja niliyokata tiketi ya kifahari. Lakini ndege ni ileile na mafuta ni yaleyale. Bei ikishuka, ujue kuna kitu kimeondolewa. Kitafute kabla hujalipa, maana ukikigundua uwanja wa watu saa tisa usiku umeshachelewa.

Swali langu la kwanza ni hili: umekata tiketi moja au mbili?

Msinijibu haraka. Ukurasa unaweza kukuonyesha safari moja nzuri, Dar hadi Frankfurt, kumbe ni tiketi mbili zimebandikwa pamoja. Chini ya bei huwa kuna neno dogo la Kiingereza, self-transfer, lenye maana kwamba katikati utajihamisha mwenyewe. Ukiwa na tiketi moja, hata kama ndege ni mbili na mashirika ni mawili, ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni juu yao kukutafutia nyingine. Ukiwa na mbili, hakuna anayekujua.

Hili sikusimuliwa. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka ya mzigo wa Idi, nikakata Dar–Dubai kwa shirika moja na Dubai–Guangzhou kwa shirika jingine. Nilipojumlisha nikajiona mjanja kuliko mtaa mzima. Nilijiachia saa nne za kuunganisha. Ndege ya Dar ikachelewa saa mbili na nusu. Begi langu lilikuwa limeandikiwa kuishia Dubai, kwa hiyo nikapanga foleni ya uhamiaji, nikasubiri mkanda wa mizigo, nikachukua teksi kwenda jengo jingine. Nafika kaunta, binti ananiambia imefungwa. Nikamweleza kwamba ndege imechelewa. Akaniangalia kwa upole kabisa, akasema, "Ya kwetu haijachelewa, mama."

Na kweli haikuchelewa. Nilikosa hata wa kumgombeza. Tiketi mpya niliyonunua asubuhi ilimeza ile nafuu yote na sehemu ya hela ya mzigo.

Usiku ule nililala kwenye kiti nimejifunika kanga, mkono nimeupitisha kwenye mkanda wa mkoba. Alfajiri dada mmoja aliyekuwa akifanya usafi akanisikia nikisema "Ee Mola wangu," akasimamisha kitoroli chake: "Shikamoo mama, umetoka wapi?" Mtu wa Kilifi. Alinionyesha pa kuswalia, pa kujaza chupa ya maji bila kununua, na kaunta inayofunguliwa mapema. Viwanja vya Ghuba vimejaa vijana wetu wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi. Ukikwama, ongea Kiswahili na upaze sauti kidogo.

Bahati yangu visa ya Dubai nilikuwa nayo. Mwenye pasipoti ya Tanzania asiye nayo, na tiketi zake ni mbili, huenda hata Dar asitoke. Kaunta watamwuliza begi lake atalifuataje bila kuingia nchini kwa watu. Ile visa ya masomo ya Ujerumani uliyoihangaikia miezi mitatu haifungui mlango wa Dubai. Tena ziko nchi zinazodai visa hata kwa asiyetoka nje ya uwanja, kutegemea pasipoti yake. Hilo waulize ubalozi na shirika lenyewe, msimwulize aliyewauzia.

Kaunta ya Dar, kabla begi halijaondoka kwenye mizani, soma lebo wanayolifunga. Kuna herufi tatu kubwa. Ukiona FRA, begi linakwenda Frankfurt na utaonana nalo huko. Ukiona DXB au IST peke yake, begi lako linaishia Dubai au Istanbul, litakungoja kwenye mkanda. Sema hapohapo. Na hizo herufi ndizo zitakazokwambia kwamba Istanbul ina viwanja viwili: IST upande wa Ulaya, na SAW upande wa Asia ambako ndege nyingi za bei chee hutua. Nimeona tiketi inayomtua mtu kimoja na kumpandisha kingine, jiji zima likiwa katikati.

Sasa nije kwenye tarehe, maana hapa ndipo mnapoangukia wengi, na mnaangukia nyumbani kabla hata ya kuona ndege.

Ndege nyingi za kwetu huondoka usiku. Tiketi inasema tarehe 14, saa 00:45. Kwa saa zetu hiyo ni saa saba kasoro robo usiku. Usiku upi? Usiku wa kuamkia tarehe 14. Maana yake tarehe 13, saa tatu usiku, uwe umeshafika uwanjani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliagwa vizuri, pilau likapikwa, mama yake akalia mpaka sauti ikakauka, na tarehe 14 jioni Noah mbili zikampeleka Terminal 3. Mlangoni askari akaitazama tiketi, akamtazama kijana, akairudia tena tiketi, kisha akamrudishia bila neno. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu usiku wa jana yake. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza jua linapozama, na kijana yule angekwenda kwa hesabu hiyo asingekosea. Mmeiacha. Basi angalau lishikeni neno "kuamkia", mliandike kwa kalamu juu ya tiketi.

Na huko njiani: saa za Addis Ababa, Doha na Istanbul ni sawa na za Dar. Dubai wako mbele kwa saa moja, na simu isiyo na mtandao haiwezi kukwambia. Addis mkisikia mwenyeji anataja saa mbili wakati ubao unaonyesha 08:00, msibishane naye. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi. Fuateni ubao, na muurudie kila nusu saa, kwa sababu geti hubadilika na viwanja vikubwa vingi siku hizi haviiti mtu kwa kipaza sauti.

Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mtu aliyetoka Dar na fulana hutetemeka pale kama kuku wa mvua. Sweta na kanga viwe kwenye begi la mkononi, si kule chini tumboni mwa ndege. Kama mapumziko ni marefu, saa kumi au zaidi, uliza kabla ya kulipa kama shirika linatoa hoteli kwa wanaounganisha. Yapo yanayotoa, lakini si kwa kila tiketi, na asiyeuliza hulala sakafuni huku haki yake ikilala kitandani.

Mizigo. Tiketi ya chini kabisa mara nyingi haina begi la chini. Unapewa la mkononi tu, labda kilo saba. Begi ukililipia mtandaoni mapema ni bei moja, ukililipia kaunta ni bei nyingine ya kukuliza. Nimemwona binti amepiga magoti mbele ya foleni, begi wazi, amevaa makoti matatu kwenye joto la Dar, unga wa sembe umemwagikia viatu vya mtu wa nyuma. Msinifanyie hivyo. Samli na nyama kavu ziacheni, Umoja wa Ulaya haupokei nyama wala vyakula vya maziwa kwenye begi la abiria kutoka kwetu. Dagaa wanapita, mradi msizidishe kilo 20, nanyi mkizidisha kilo 20 za dagaa mna lenu jambo. Embe linadai cheti cha afya ya mimea. Nazi na ndizi hazidai. Bebeni nazi.

Betri ya akiba ya simu ikae mkononi, kule chini hairuhusiwi. Barua ya chuo, bima, uthibitisho wa fedha na anwani ya mtakapofikia viwe karatasi, tena mkononi, kwa maana ofisa wa mpaka hatasubiri simu yako ipate chaji.

Mliokatiwa na wakala wa WhatsApp, picha ya tiketi si tiketi. Chukua ile namba ya kuhifadhi nafasi (booking reference), ya herufi na tarakimu jumla sita, ingia nayo mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, kisha utafute namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Jina likiwapo na namba hiyo ikakosekana, umewekewa nafasi tu, hela haijafika. Mfuate leo, si wiki ya kuondoka.

Na begi lisipotokea mwisho wa safari, usitoke ukumbi wa mizigo kabla hujaandikisha na kupewa karatasi. Likitokea limevunjika, una siku saba za kulalamika kwa maandishi.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa nyumbani. Njooni na tiketi zenu zimechapishwa, na mabegi yenu yakiwa yameshafungwa. Mizani ninayo, ileile ya mzigo wa Guangzhou. Yule wa tarehe 3, saa sita na nusu usiku, aje wa kwanza, na aje na mama yake.