Sio chapombe tu, ana kiwewe

Mhariri naomba kanafasi. Jirani yangu huku Gongo la Mboto mtaa mzima unamwita chapombe, ila mi namjua tangu kabla ya yale mabomu ya ghala la jeshi yaliyolipuka huku Februari 2011, alikuwa hagusi hata bia. Toka usiku ule radi ikipiga tu anajibanza uvunguni, usingizi hauji, akaanza na viroba (pombe kali ya pakiti), vilipopigwa marufuku 2017 akahamia gongo (jina la mtaa na la pombe, we acha tu). Pombe inamlaza kweli, lakini saa nane usiku anashtuka anapiga kelele na kesho yake woga umezidi, basi anaongeza glasi. Alipoenda kutibiwa akaambiwa acha kwanza pombe ndo urudi tuongelee hizo ndoto. Ataachaje wakati ndo anaona dawa yake? Kiwewe na pombe vinatibika kwa pamoja jamani, kwa ushauri nasaha na dawa. Na ndugu zake wasimfungie ndani aache ghafla, mnywaji wa miaka akikatiwa ghafla anaweza kupata kifafa akafa, asimamiwe hospitali. Mpaka leo jirani yangu huyo anazungushwa kwa waganga.

Msomaji, Gongo la Mboto, Dar